Mwihaki Alisimama Kwa Baraza

Dagoretti Market,
Nairobi.
16 Juni 2004

Mpendwa shemeji Syokau,

Salamu nyingi. Habari ya Mombasa, na ile kifua yako imepoa? Sisi tuko. Mgongo inaniuma lakini bado nabeba nyama. Mwihaki amekuwa mrefu. Ukimwona utafikiri ni dada yako Virginia, vile alikuwa kabla tumzike.

Sasa nikuambie. Mwihaki ako darasa la saba. Mwalimu wake anaitwa Zadock, kijana mwembamba, viatu zimeisha. Aliwapeleka town kuona Bunge. Mtoto akarudi akaniambia, "Baba, kule watu wanabishana na hakuna mtu anachapwa." Nikacheka.

Unajua damu ya kichinjio yetu inapita kwa mtaro nyuma ya shule. Watoto wanaugua tumbo. Mwalimu akawaambia mambo kama hiyo inaulizwa kwa baraza ya chifu. Ijumaa wakaja na uniform, wakakaa kwa nyasi. Mwihaki akainua mkono.

Baraza ya huku, kabla uongee lazima useme wewe ni wa nani. Akasema, "Mimi ni Mwihaki wa Wachira, yule wa kichinjio." Halafu akauliza damu itaacha kupita shuleni lini. Shemeji, Kiragu mwenye kichinjio alikuwa amekaa kando ya chifu. Akanitafuta na macho. Mimi nikaangalia chini.

Jumatatu Kiragu akaniita. "Wachira, mtoto si mbaya. Ni huyo mwalimu anawaharibu. Ijumaa hii kwa baraza simama useme anawafunza kukosa heshima. Chifu atatafuta vile atatolewa hapa. Wewe ukae na kazi yako."

Wenzangu wananichezea. Nikipita na mguu ya ng'ombe kwa bega wanauliza, "Mheshimiwa amekula?"

Nilimwambia Mwihaki. Hakulia. Aliuliza tu, "Na wewe utasema nini?" Nikamwambia alete maji nioge.

Mimi niliachia darasa la pili. Hakuna mwalimu aliwahi kuniambia swali yangu iko na mahali ya kupelekwa. Huyu kijana siwezi kumuuza.

Kiragu akinifuta kazi nitatafuta mjengo Upper Hill, huko wanajenga. Nakuomba kitu moja. Mambo ikiwa mbaya, Mwihaki akae kwako likizo ya Agosti, ale vizuri. Shule hataacha.

Kesho kutwa ndio hiyo Ijumaa. Nimekuwa nikifikiria vile nitaanza. Baba yangu hakuna mtu anamjua hapa Dagoretti. Nitasema mimi ni Wachira, wa Mwihaki.

Salimia bwana yako Zedekiah na mama yenu akija kuwatembelea. Mungu awafunike nyote, na kifua yako aiguse.

Ni mimi shemeji yako, nawapenda,
Wachira