Mwanya wa Mzee Kishindo

Jumatatu, 3 Februari

Anatoa albamu! Miaka kumi na moja kimya, sasa anatoa albamu. Mzee Kishindo mwenyewe, na miaka yake sabini na miwili. Tangazo lina mistari miwili tu: itatoka Mei, na itakuwa "ya majaribio". Kundi letu la mashabiki kwenye simu limewaka tangu asubuhi. Tuko ishirini na watatu, wengi wetu na vitambi na dawa za presha, lakini leo ungedhani ni watoto wa shule waliotangaziwa likizo.

Majaribio ya nini? Hakuna anayejua. Profesa—mwenyekiti wetu, fundi wa mafriji, uprofesa tulimpa sisi—anasema Mzee ataachana na gitaa kabisa. Mimi nikaandika kwamba roki bila gitaa ni sawa na mdomo bila meno. Nikajiona nimesema la maana. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, fundi wa meno bandia, nimekaa chooni kazini dakika ishirini nasubiri nani atacheka. Alicheka mmoja.

Mke wangu anauliza kama albamu ikitoka ndio nitapaka rangi ukuta wa jikoni. Nimemwambia hayo ni mambo mawili tofauti.

Alhamisi, 6 Februari

Niandike polepole.

Leo Daktari ameniletea kazi mpya maabara. Kinywa cha plasta, upande wa juu, hakina jino hata moja. Na kadi. Jina la kwenye kadi nimelisoma mara tatu. Ni jina lake halisi, lile tunalolijua sisi mashabiki sugu tu.

Mzee Kishindo hana meno ya juu. Ndiyo maana kwenye picha ya tangazo amefunga mdomo! Kundini wameijadili picha hiyo siku tatu, wakakubaliana kuwa ni huzuni ya msanii.

Siwezi kumwambia mtu. Siri ya mgonjwa ni siri. Lakini wenzangu wana saini zake kwenye fulana. Mimi nina kaakaa lake mkononi. Nimelishika muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji.

Kadi inasema seti nzima ya juu. Chini yake, kwa mwandiko wa Daktari: meno ya mbele yabanane, BILA MWANYA, ombi la mgonjwa. Amepigia mstari.

Bila mwanya? Mwanya ule wa kwenye jalada la albamu ya kwanza? Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilijaribu kujitengenezea wa kwangu kwa njiti za kiberiti, nikaishia kuvimba ufizi. Lazima Daktari amekosea kuandika.

Jumatano, 12 Februari

Meno nimeyapanga kwenye nta. Mzee ameyajaribu kwa Daktari, amejitazama kwenye kioo, ameridhika. Mimi sikumwona. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimejibana na ndoo ya plasta, naogopa kutoka. Nilimsikia akikohoa. Kikohozi kizuri.

Kilichobaki ni kuitoa nta na kutia plastiki mahali pake. Kazi ya kila siku.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefungua mwanya.

Milimita moja na nusu. Nilikuwa nimeliegemeza lile jalada kwenye taa. Nikajiambia nitajaribu tu, nione, halafu nirudishe. Sikurudisha. Yalipomaliza kusuguliwa yakang'aa, yakanichekea pale mezani—yule kijana wa kwenye jalada, miaka ishirini na mitano! Nikajiambia atafurahi. Nikajiambia ni uzee tu umemkatisha tamaa, hajui anachokikosa. Kiherehere changu kina maneno matamu.

Daktari yuko likizo. Daktari wa zamu hakuisoma kadi. Alitazama kama meno yanaumana vizuri, basi. Mzee aliyavaa akaondoka mbio, studio inamsubiri. Hakuomba kioo.

Nimenawa mikono mara mbili. Furaha ya kipumbavu bado ninayo.

Ijumaa, 4 Aprili

Wimbo wa kwanza umetoka. Nimeusikiliza maabara, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Gitaa lipo, lakini kwa mbali, kama linapigwa nyumba ya jirani. Ngoma hakuna. Sauti yake iko karibu kabisa, inakunong'oneza. Na kila penye S—mluzi. Mwembamba, mkali, birika linaloanza kuchemka. Mstari wa kwanza peke yake una miluzi minne.

Kundini wanasema hawajawahi kusikia ubunifu wa namna hii. Si ubunifu. Ni mwanya. Ni mwanya wangu mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumekutana kwenye karakana ya Profesa, katikati ya mafriji mabovu. Wimbo umepigwa mara tisa. Profesa alipanda juu ya kreti kutufafanulia: mluzi ni upepo, upepo ni wakati, na wakati unapita katikati ya maneno ya mtu mzima. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu wa hesabu amechora grafu ya miluzi, anasema inaongezeka kuelekea mwisho na hiyo si bure. Dada wa duka la dawa alilia, machozi ya kweli. Alisema tangu aanze kumsikiliza Mzee hajawahi kumsikia akijianika hivi.

Wakaniuliza mbona leo sina neno. Nikasema, "Unagusa." Nikaendelea na karanga zangu.

Kijasho chembamba kilinitoka jioni yote. Lakini chini ya hofu—niandike tu, hasomi mtu—palikuwa na fahari. Kwenye albamu ya Mzee Kishindo na mimi nimo!

Jumanne, 8 Aprili

Fahari imekwisha.

Mzee amempigia simu Daktari, baada ya kuvumilia karibu miezi miwili. Meno yanapiga mluzi, katikati yameachana, na aliwaambia wazi kwamba hataki. Alijaribu kurekodi bila meno, maneno hayakutoka. Studio alikuwa nayo siku kumi tu. Nyimbo tano ameziondoa maneno kabisa. Tano! Hizo ndizo watu wataziita majaribio.

Daktari amemwomba radhi yeye mwenyewe, anadhani vipimo vyake ndivyo vilivyokosea. Ni binti, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, na hajawahi kunisukumia kosa hata siku moja. Akaja maabara akaniuliza taratibu ilikuwaje. Nikamwambia plastiki wakati mwingine hujivuta. Plastiki! Miaka ishirini na sita ya kazi, sijaona plastiki ikajivuta ikaacha mwanya katikati kabisa, sawasawa na wa kwenye picha.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Jina la mgonjwa sikulitaja, alilitaja yeye. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipoona mimi sicheki, akaacha.

"Baba Pacha," akasema, "yule binti anabeba mzigo wako. Kamwambie."

Nikasema nitamwambia. Sikusema lini.

Jumatatu, 21 Aprili

Bado sijamwambia. Nimepaka rangi ukuta wa jikoni.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia Daktari. Nilipiga moyo konde, nikayatoa yote kwa mkupuo mmoja, na jalada nikamwonyesha. Nilitegemea apige kelele. Alichukua ile kadi, akatazama mstari aliopiga kwa mkono wake.

"Kwa hiyo umemharibia mtu kinywa," akasema, "kwa sababu unampenda."

Anasema Mzee anakuja Jumanne kurekebishiwa, na nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana. La sivyo atamwambia yeye, na baada ya hapo nitafute mahali pengine pa kazi.

Kundini wamekubaliana kwamba albamu ikitoka, tarehe tisa Mei, kila mtu aje na filimbi.

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mzee, shikamoo. Mwanya niliuacha mimi, kwa makusudi. Nakupenda tangu nina miaka kumi na mitano." Mke wangu kutoka jikoni anasema sentensi ya mwisho niiondoe. Nimeiondoa. Sasa nasikika kama mwizi aliyekamatwa. Nimeirudisha.

Saa tano na nusu, maabara. Naandika haraka.

Amekuja. Mfupi! Ananifikia begani. Kofia, miwani, sweta limetoboka kiwikoni. Daktari alimleta mpaka kwenye meza yangu, akasema huyu ndiye fundi wetu na ana neno la kukwambia, Mzee. Akanikazia macho. Halafu akaitwa kwa mgonjwa mwingine, akatuacha wawili.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akavua meno, akayaweka kwenye kiganja changu yakiwa bado na joto, akafunika mdomo kwa mkono. Alisema polepole, maana bila meno maneno yanamlegea.

"Mwanangu, huu mwanya nimeukimbia miaka arobaini. Kila niendako wanamtaka yule kijana wa kwenye picha. Nikasema meno yakiisha, na yeye ataondoka. Kumbe mmenirudishia mdomoni."

Neno langu lilikuwa hapo hapo, kwenye ncha ya ulimi. Likageuka. Nikajisikia nikisema jino lilisogea kwenye nta, bahati mbaya tu. Akauliza kama nimewahi kuona picha zake za zamani. Nikasema hapana. Na nyimbo zake? Nikasema mimi si mtu wa muziki sana.

Miaka thelathini na sita ya ushabiki. Fulana kumi na moja. Mimi si mtu wa muziki sana!

Nilidhani itamuuma. Alicheka, kicheko cha ufizi mtupu, akavuta kiti akakaa kama mtu aliyetua mzigo. Akasema ni heri. Wanaomjua wanamsifia hata akikohoa. (Nilitazama sakafu.) Mluzi wa aibu wameuandikia kurasa na kurasa, mpaka anaogopa kusoma. Hana mtu wa kumwambia kama ile albamu ni kazi, au ni babu tu aliyebabaishwa na meno mabovu. Zimebaki siku kumi. Ikiwa ni upuuzi, ataizuia isitoke.

Nikakata meno mawili ya mbele, nikayabananisha, nikatia plastiki, nikayafungia kwenye chungu cha presha yagande. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Huo ndio ufundi, unamfanyia kazi hata mwongo.

Dakika ishirini. Na katika dakika hizo ametoa simu na hedifoni za waya, upande mmoja ameweka sikioni mwake, wa pili ananinyooshea mimi. Nyimbo zote zimo. Nikasema ngoja kwanza niandike saa ya chungu. Ndiyo haya ninayoandika.

Nikimwambia mimi ni nani, hataamini neno langu lolote, zuri wala baya. Nisipomwambia, Daktari anarudi sasa hivi. Na nikiisikiliza nikaipenda, nitajuaje kama ni masikio yangu yanayopenda au ni ile miaka thelathini na sita? Nikiichukia, nitathubutuje kusema, na miluzi yote ni yangu? Naogopa. Na nataka kuisikia kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, aibu hiyo naiandika kama ilivyo.

Zimebaki dakika kumi na tatu. Mkono wake umechoka, unacheza kidogo, bado ameunyoosha.

"Fundi, usiogope," anasema. "Hunijui, sikujui. Sikiliza, halafu uniambie kweli."

Nimeichukua. Iko sikioni. Kimya kwanza, mkwaruzo kidogo wa kiti, halafu anavuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Pumzi ile. Ningeitambua popote.

Nimeinamia daftari, najifanya naandika dakika za chungu, karatasi inalowa. Hata mstari mmoja hajauimba.

Mzee amesimamisha wimbo. Sasa ameinama upande wangu, anatafuta uso wangu, na anauliza, taratibu sana, mimi ni nani.