Bibi Sarmila Alivyoniteremsha Mlimani

Yangji weee, nimeaibika! Mimi, kiongozi wa msafara, nimeteremshwa na mteja wa miaka sabini na mbili!

Tulikuwa tunapanda kuelekea Thorong, ile njia ya juu kabisa mlimani. Ugonjwa wa kimo ukanipata, kichwa kikaniuma kama kinapasuliwa, nikajikaza. Bibi Sarmila, anayetembea na mjukuu wake, akaniona.
"Phuti, mbona unayumba kama mlevi?"
"Sijambo, Bibi."
"Hujambo wapi! Hebu tembea kwa mstari ulionyooka nikuone."

Yangji, nikajaribu. Nikaenda kumkumbatia nyumbu wa mizigo! NYUMBU!

Akanishika mkono, tukashuka sote mpaka kijiji cha Yak Kharka, huku chini. Sasa nina nafuu. Nikaomba radhi kwa kuwapotezea siku, machozi yananitoka.
Akanipa supu ya kitunguu saumu. "Mlima hauna miguu, utatungoja. Mama yako ningemwambia nini? Kunywa!"