Siku Kumi na Nne za Kufikiri

3 Februari

Kwako Baba Pacha,

Hujambo huko kambini? Sisi wazima, ila pacha wameng'oka meno wiki moja na sasa hawaelewani wanachosema. Cherehani inaenda.

Kijiti cha mkononi kimemaliza muda wake. Nilikwenda kliniki nibadilishiwe kama siku zote, nesi akanirudisha. Serikali mpya haina hata miezi miwili na imeshatoa waraka: mwanamke aliyeolewa hapewi uzazi wa mpango bila ridhaa ya mumewe. Nikamkumbusha alichosema daktari mfuko wa uzazi ulipopasuka, kwamba mimba nyingine itaniua. Anajua, alikuwepo. Niandikie barua ya ridhaa, baba, upesi.

Mkeo, Mama Pacha

24 Februari

Mama Pacha,

Salamu zako nimezipata kwa dereva wa lori la kokoto, maana mtandao huku tunausikia tu. Mimi mzima, napikia watu themanini na nakula peke yangu.

Ridhaa hiyo hapo: sahihi, dole gumba na muhuri wa msimamizi, ambaye alicheka mpaka alipoona uso wangu. Wabusu vibogoyo wangu.

Baba Pacha

17 Machi

Baba Pacha,

Za siku nyingi? Kifua na moshi wa jikoni vinapatana?

Barua imekataliwa. Wanataka mume mwenyewe, na kitambulisho, mbele ya nesi. Tukishasaini turudi nyumbani tukafikiri siku kumi na nne, halafu twende tena wote wawili. Likizo yako ya Juni ni siku kumi. Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu nikidhani nimekosea. Omba nne zaidi.

Wakikunyima, njoo hivyo hivyo. Utalala sebuleni na watoto. Mipira ya kondomu usiilete, pacha wenyewe walipita humo humo. Nimekukumbuka mpaka naona haya kuandika.

Mama Pacha

5 Juni

Mke wangu,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo kiasi.

Nimeomba siku nne. Msimamizi kasema nikitaka hizo, niondoke na vyombo vyangu kabisa. Nimeifikiria sebule. Likizo iliyopita ulipokuwa na homa tuliahidiana vivyo hivyo, na kufika siku ya pili nilikuwa wapi? Najijua, na wewe nakujua.

Likizo nimempa fundi bomba. Wenzangu wananiuliza kama tumegombana, nawapakulia ugali. Sitaki kuwa mimi niliyekuua.

Baba Pacha

21 Juni

Baba Pacha,

Hali yako? Sisi tupo.

Barua yako ilinikuta natoka stendi. Nilikaa pale tangu asubuhi, na gauni jipya nililojishonea, basi likashusha watu mpaka likabaki tupu. Nimekukasirikia siku tatu. Baadaye nikaona ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, nikalia sana.

Jana nesi aliniita afunge faili langu, kwa kuwa muda wa maombi umepita. Fomu ina visanduku viwili tu: mume amekubali, mume amekataa. Nikamweleza yote, tangu dole gumba lako hadi likizo ya fundi bomba. Alinisikiliza, akafuta macho, akasema, "Dada, hakuna pengine pa kuandika."

Akatia alama kwenye amekataa. Kisha akanipa kalamu nisaini chini yake kwamba ndivyo ilivyo, nami nikasaini.

Mkeo, Mama Pacha