Baba Amerudi Safari

Mdogo wangu mpenzi,

Simu yako haipatikani tangu mchana, ndiyo maana nimemkimbilia dereva wa basi akuletee barua hii. Wanao ni wazima. Wa kiume ameng'oka meno ya mbele, akicheka ni kibogoyo mtupu. Naanza na haya kwa sababu naogopa kulitaja lenyewe.

Leo binti yako Kadogo amerudi kutoka shule mbio, viatu vipya miguuni. "Mama mkubwa, baba amerudi safari! Alikuwa ananisubiri getini!"

Mkasi niliokuwa nikikatia kitambaa uliniponyoka. Ile safari tuliitunga mimi na wewe, watoto wasijue kwamba aliyekuvunja taya ni baba yao. Tulidhani tunawakinga. Kumbe mtoto akimwona, atamkimbilia kwa furaha.

Nikafunga mlango, nikamkalisha, nikamweleza yote. Hakulia. Alivua viatu, akavisukuma mbali, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sikutakiwa kumwambia mama anafanya kazi wapi?"

Mdogo wangu, baba yao sasa anajua kiwanda cha mikate unakofanya kazi, anajua na saa unayotoka. Usimalize zamu. Usipitie chumbani kuchukua nguo. Toka kwa mlango wa nyuma, panda basi la dereva huyuhuyu, nimemwomba akusubiri. Sisi tumejifungia kwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea, mwenye mlango wa chuma.

Nivumilie mwandiko, naandika kwa haraka. Kadogo amekataa kula. Anauliza kama utamkasirikia. Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako