Koja la Asumini kwa Mpiga Fidla

Jumapili, baada ya isha

Mie nilikwenda kumtunza mwanangu, sikwenda kumtukana mtu. Mungu ndiye shahidi.

Taarabu ilikuwa uwanjani Tibirinzi leo alasiri, watu mpaka juu ya ukuta. Zuhura wangu anapiga fidla katika kikundi kile ninachokipenda tangu kabla sijamzaa, na Pemba hii hakuna mkono kama wake. Fidla yake ikilia, sisikii kingine. Basi nikainuka na koja langu la asumini, nikacheza taratibu mpaka jukwaani, nikamvisha; ndivyo tunavyotunza wapigaji.

Kurudi kitini, uwanja mzima unanitazama. Kumbe wimbo ulikuwa unamsema mama mkwe mlafi, anayekwenda kwa watu na sufuria yake! Na ukiinuka kutunza, maneno umeyafanya yako, kuna mtu unampelekea. Ubavuni pangu kakaa nani? Bi Mgeni, ambaye Ijumaa anakuja kumposa Zuhura kwa ajili ya mwanawe.

"Ahsante, Bi Saada," akasema. "Ujumbe nimeupata."

"Wallahi, Bi Mgeni, maneno sikuyasikia!"

"Tumeyasikia wote, kiziwi wewe peke yako?"

Wimbo uliofuata ulimsema mwanamke anayejisifu. Bi Mgeni akainuka kutunza, macho kwangu. Nikampigia makofi, maana fidla ilikuwa tamu.

Zuhura hasemi nami tangu magharibi. Sijui kama Ijumaa watakuja. Naogopa kwelikweli.

Lakini ule wimbo wa mwisho, wa mwizi wa waume, fidla ilivyolia... nilishika kiti kwa mikono miwili nisiinuke.