Yaya Mbuyi, mashine iliwaka ukiwa umeshaondoka

Kwako yaya Mbuyi, popote treni ilipokushusha,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, kwa kuwa sijui niitume wapi. Leo naiandika tu, anwani itajijua.

Sijui kama unakumbuka nilivyoingia ofisi ya wafanyakazi, mimi Kalenga, binti wa mchimbaji wa Kapata, nikijua kupiga taipu na si zaidi. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini wiki haikuisha nikawa nakuita yaya, kaka yangu mkubwa. Kompyuta ile wenzetu walikuwa wameifunika kitambaa, hakuna aliyetaka kuigusa. Wewe ulinivutia kiti. "Ikala, mama. Hii haiume muntu."

Halafu ukaifungua ubavu, ukanionyesha barete za memori, vile vijipande vyembamba vilivyosimama kwenye matundu yake marefu. "Hapa njo inaweka kazi yote yenye iko inafanya. Nafasi ikikuwa kidogo, inachoka, inaacha." Ukanieleza kwamba matundu manne ya kwanza yanafanya kazi pamoja, na manne ya nyuma vilevile. Niliitikia kwa kichwa. Sikuelewa hata nusu, ila nilipenda ulivyonieleza bila haraka.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa, pampu za mgodi zikazimwa moja baada ya nyingine, na barabarani watu wakapata wa kumlaumu. Walisema watu wa asili ya jimbo la Kasai warudi kwao. Wewe kwenu kulikuwa Kapata, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kasai uliijua kwa hadithi za marehemu baba yako. Lakini walichora alama ya makaa kwenye mlango wako, na mkeo, mama Ntumba, akaanza kufunga vyungu.

Asubuhi ile ulikuja ofisini kutafuta kitu kimoja tu: cheti cha kazi chenye miaka yako yote. Huko unakopelekwa, ambako hakuna anayekujua, ungeonyesha nini? Bosi alikataa kusaini cheti cha taipu, akasema kitoke kwenye kompyuta. Nayo kompyuta, kila tulipofungua faili la wafanyakazi, iliandika kwamba memori haitoshi. Ukatoa leso mfukoni. Ndani yake mlikuwa na barete nne, ulizozichomoa kwenye mashine iliyokufa kule Mutoshi.

Ulitoa na zile nne za zamani ili uzisafishe. Zote nane zikalala mezani, ukawa unazisugua meno kwa kifutio cha shule. Ndipo kundi la vijana likapita nje likiimba wimbo wa kukufukuzeni, wakigonga milango kwa fimbo. Ulizipachika haraka, ukawasha. Kioo kilibaki cheusi, mashine ikalia mlio mrefu mara tatu. Ukazichomoa, ukazirudisha, ukabadilisha matundu. Ikalia tena. Mara ya nne ukaacha viganja vyako juu yake, ukafumba macho.

"Kalenga, mi siwezi tena. Batoto beko bananingojea ku gare."

Ukaondoka. Nilitaka kukuambia ngoja kidogo. Ungengoja nini?

Siku ya pili nilizichomoa tena peke yangu, nikazipeleka dirishani kwenye mwanga. Hapo nikaona. Nyingine zilikuwa na chipu ndogo tisa, nyingine chipu kubwa tatu. Za zamani zote zilikuwa za tisa, zako zote za tatu, na sisi tulikuwa tumezichanganya pale mezani. Nikakumbuka maneno yako kuhusu matundu manne manne. Nikaweka za tisa mbele, za tatu nyuma. Ikalia mara moja, fupi, ikaanza kuhesabu memori hadi mwisho. Faili likafunguka, na jina lako lilikuwa humo.

Bosi alikuja kuuliza nimefanyaje. Nilipomweleza akacheka. "Unaona? Hata mashine haipende kuchanganywa."

Jibu nilikuwa nalo. Zote nane zilikuwa ndani ya mashine moja, zinafanya kazi, na bila zile nne zako faili lisingefunguka. Lakini nilihitaji saini yake. Nikamsogezea kalamu, naye akasaini.

Stesheni nilikukuta chini ya ukuta, kati ya watu waliolala kwenye mikeka siku nyingi wakingoja treni. Binti yenu Ntumba alikuwa mapajani mwako, anawaka homa, midomo imepasuka. Nikakupa karatasi, nikaanza kukusimulia mambo ya chipu, mbiombio, kama mwanafunzi aliyepata hesabu.

"Tatu na tisa," ulisema. "Ningeliona, kama ningelitulia."

Halafu ukaikunja ile karatasi, ukaanza kumpepea mtoto. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimebeba cheti. Maji sikubeba.

Treni ilikuchukueni kesho yake. Baadaye mwanamke mmoja aliyerudi kutoka Kamina alisimulia kwamba njiani watoto walikuwa wanashushwa na kuzikwa kando ya reli. Nilitaka kumuuliza kama kulikuwa na msichana wa miaka sita. Nikamuuliza bei ya mahindi yake. Mpaka leo sijui.

Kuanguka kwa kampuni nako kulitufikia sisi tuliobaki. Wazee wa Kapata wana vyeti kama chako ndani ya masanduku, na hakuna anayewalipa haki zao. Sikuelezi haya ili nikufariji. Hayafariji.

Lililonifanya nichukue kalamu ni swali uliloniuliza pale stesheni nilipokuaga. Hukuliuliza kwa hasira. Uliuliza tu kama mtu anayetaka kujua habari za kazi: "Kesho utaingia ku biro?"

Nikajibu ndiyo.

Na niliingia, yaya. Nilikaa kwenye kiti chako, nikawasha mashine, nikaanza kuchapa majina ya watu waliochukua nafasi zenu.

Mdogo wako,
Kalenga