Mke Mwenzangu, Mlenda Umechipua

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua ungenikaripia kwa kutanguliza utani na kuchelewesha adabu, lakini ndivyo ulivyonilea: kwanza ugomvi wa wake wenza, halafu salamu.

Leo ni siku yetu ya kuzaliwa. Yangu ipo kwenye cheti, yako uliidandia. Tarehe yako hukuijua kamwe. Mama yako alikuambia tu kwamba ulizaliwa mlenda ulipochipua. Basi nilipozaliwa mimi Januari, mvua imekolea na nyuma ya nyumba kule Mlali kumejaa mlenda, ukatangaza kwamba siku ni hiyo hiyo, na mtoto huyu ndiye shahidi. Tangu hapo tukawa tunakula kuku mmoja, na shingo ilikuwa yako hata ukiwa mbali.

Na mbali ulikuwa. Nilikuwa shule ya msingi wewe na Babu mlipovuka Tunduma kwenda kuhubiri Zambia, mkasema mnakwenda kwa muda kidogo. Darasani niliwaambia wenzangu kwamba babu na bibi yangu ni wamishenari, wakaniuliza kama nyie ni Wazungu. Nikawajibu kwamba ni Wagogo. Hawakuniamini mpaka barua yako ya siku ya kuzaliwa ilipofika na nikawasomea: "Mume wangu hajambo, usimtamani. Huku wanakula mlenda kama sisi ila wanauita delele. Nimewapikia wetu wa karanga wakaniambia, mama, wewe ni wa hapa hapa." Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka.

Kila mwaka barua ilikuja. Mara kwa dereva wa lori, mara kwa mchungaji anayerudi likizo. Uliandika wewe, kuanzia utani mpaka maombi, na mwishoni kabisa unamsukumia Babu kalamu. Mtu aliyeweza kuhubiri asubuhi mpaka watoto walale mabenchini, kalamu ilimlemea kama mpini wa jembe. Aliandika mstari mmoja, herufi kubwa zinazopishana urefu: "Na mimi mume wako nipo." Mwaka hadi mwaka, maneno yale yale. Mimi nilianza kusoma kutoka mwisho.

Sasa nikupe habari za huku, maana tangu tukuzike Mlali kiangazi kilichopita, ardhi imekauka mpaka vijana wakaomba sururu, mengi yamebadilika. Nzuguni nyumba zinaota usiku na mchana. Kile kiwanja mbele yetu ulichokuwa unakiita porini sasa kina ukuta na geti. Mvua mwaka huu ni nzuri, asante Mungu. Yohana wangu hajambo, na Babu bado anamwita mwizi wa mke wake.

Babu ndiyo habari yenyewe. Unakumbuka ulivyonishika mkono pale kitandani, mliporudi kutoka Zambia na ugonjwa wako? Ulisema, "Mke mwenzangu, huyo mzee asifungiwe ndani. Kazi yetu kule haijaisha. Mkimfungia, atakufa na viatu vimepigwa kiwi." Nilidhani unatania. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao, Baba Mkubwa kama mtoto wa kwanza akasema safari za mzee zimekwisha, umri umekwenda, atakaa Nzuguni kwangu mimi na Yohana apumzike. Wote wakaitikia. Mjukuu hasemi mbele ya wazee, nikanywa chai yangu.

Basi ikawa kama ulivyosema, Bibi. Kila asubuhi anaamka, anavaa shati la kanisani, anapiga viatu kiwi mpaka vinawaka, kisha anakaa kwenye kiti karibu na geti. Hana pa kwenda. Jioni anavivua. Ugali anaumega kwa heshima tu. Na jina lako hakulitaja hata mara moja, mtu ambaye alikuwa hawezi kuomba chumvi bila kukuita kwa jina uje umwonyeshe ilipo. Niliogopa. Nilikuwa nachungulia dirishani kuangalia kama bado anapumua pale kitini.

Leo asubuhi nikaamka nikijua hakuna barua. Nikajiambia nisilie mpaka watu waondoke. Nikasikia vyombo vinagongana jikoni, nikadhani ni paka. Ni Babu. Alikuwa ameingia kwenye kiwanja cha pembeni na umande, amechuma mlenda, ameukatakata vipande vikubwa vya kulishia mbuzi, na sufuria iko mkaani. Babu, jikoni. Magadi ameyatia kama mtu anayetia chumvi kwenye maji ya ng'ombe. Povu likapanda, likamwagika, likazima mkaa nusu. Nilitaka kumsaidia akanitoa kwa kiwiko.

Tukala, tungefanyaje. Ulikuwa mchungu, Bibi, mchungu wa kukunja ulimi. Yohana alimeza tonge moja akasema anakwenda kuangalia geti, na geti letu halina shida yoyote. Babu akala wake wote, akafuta bakuli na tonge la mwisho. Kisha akasema taratibu, "Bibi yako angenifukuza jikoni." Ndiyo mara ya kwanza kukutaja tangu matanga.

Hatujaondoa vyombo, simu yangu ikalia. Wale akina mama wa kanisa lenu Zambia. Hawakusahau kwamba leo ni siku yako. Wametuma video, wamejipanga mbele ya kanisa lile la bati, ngoma wamezibana magotini kama ulivyowafundisha, kama wanawake wa Ugogo, anaongoza Mama Mutale uliyekuwa ukimsema kwa uvivu. Walipiga muheme, ngoma yetu ya wanawake, Bibi, kwa mikono ya Kizambia. Nikamwekea Babu simu mbele yake, huku nikitafuta kitambaa, maana nilijua tutalia wote wawili.

Hakulia. Alikunja uso. "Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Huyo wa kushoto anakimbia." Akarudisha video, akasikiliza tena. "Anakimbia. Anaharibu kazi ya watu." Na kabla sijamwelewa, amechukua sufuria ile ya mlenda, ameipindua, ameibana katikati ya magoti, suruali ya kanisani na masizi yake, anapiga. Mwanaume mzima, muheme. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa pembeni na Biblia yake, kumbe alikuwa anakutazama mikono. Alipiga vizuri. Mdundo wako ule wa kuburuza kidogo, kama mtu anayechelewa makusudi. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na nilipokuwa nacheka nikagundua nalia, nikaona basi yote yaende pamoja.

Yohana akarekodi, tukawatumia. Haikuchukua muda Mama Mutale akajibu kwa sauti, nyuma yake wenzake wanapiga vigelegele: "Baba, kwa simu hatusikii vizuri. Njoo utuonyeshe."

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipoingia. Ametoka Kibaigwa kwenye mahindi yake, amekuja kula kuku wa siku ya kuzaliwa, anamkuta baba yake mzazi anapiga sufuria. Akasimama mlangoni na kofia mkononi. Babu akamwambia bila kuacha kupiga, "Nataka kurudi Zambia." Baba Mkubwa akavuta kiti, akaanza ile sauti ya kikao. "Baba, hili tulishalizungumza kama ukoo."

Nikaona mikono ya Babu inapoa juu ya sufuria. Mke mwenzangu, nikakumbuka mkono wako. Kama mjukuu, kweli sikuwa na neno. Lakini nina cheo kingine katika nyumba hii, na ni wewe uliyenipa. Nikasimama, nikajifunga khanga kiunoni.

Nikasema, "Samahani Baba Mkubwa. Huyu ni mume wangu. Mke mkubwa ametangulia, nimebaki mimi, na kwa hesabu hiyo wewe ni mwanangu wa kwanza. Sijasikia mtoto anamkataza baba yake safari ambayo mama ameiruhusu. Na mkubwa mwenyewe aliiruhusu kabla ya kwenda, akaniachia mimi ujumbe."

Unamjua Baba Mkubwa, hasira ziko karibu. Lakini utani wa babu na mjukuu hana pa kuukamatia, akikasirika yeye ndiye mkosa adabu. Akanitazama, akamtazama Babu na masizi yake, mdomo ukaanza kumcheza. "Haya, mama," akasema. "Kama mke ameruhusu, mimi mtoto nitasema nini?" Kisha akajifuta macho, akasingizia moshi, na mkaa wenyewe ulishazimika zamani.

Kwa hiyo Babu anarudi. Mimi na Yohana tutamsindikiza mpaka Tunduma mvua zikipungua, na Mama Mutale atampokea ng'ambo. Baba Mkubwa ameweka sharti moja, kwamba kila mlenda ukichipua awe hapa nyumbani. Babu amekubali, kisha akaniuliza kiwi kimewekwa wapi.

Mke mwenzangu, kuku tumekula, na shingo nimekuwekea kwenye sahani yako. Baadaye Babu ameila, amesema wewe ungekubali. Nakuahidi mambo mawili. Barua ya siku hii haitakatika. Mwandishi sasa ni mimi, na nitaanza na utani kama ulivyonifundisha. Na mume wetu hatafungiwa ndani maadamu mimi ni mke wa nyumba hii. Wewe pumzika pale Mlali, mvua ikunyeshee vizuri. Nimepita juzi, mlenda umeota mpaka miguuni pako, sikuung'oa.

Nakupenda, Bibi. Sasa namsukumia mtu kalamu.

NA MIMI MUME WAKO NIPO. MAGADI YALIZIDI.